Gari jeusi na maji ya kisima: likaushwe kwa kitu gani lisibaki na madoa wala mikwaruzo?

Mkazi wa Goba

Wakuu, habari za jioni.

Naomba msaada kwa wanaojua utunzaji wa rangi ya gari. Gari ni Toyota Harrier, jeusi, rangi bado ni ya kiwandani. Linaoshewa nyumbani, Goba, Dar es Salaam, kwa maji ya kisima kirefu yanayopandishwa kwenye simtanki. Ukiyaonja yana chumvi kwa mbali, na sabuni ya kufulia inatoa povu kwa shida. Kwenye kuosha sina wasiwasi: ndoo mbili, shampuu ya gari, glavu ya maikrofaiba, suuza ya mpira. Nakwama kwenye kukausha. Likiachwa likauke lenyewe, boneti na paa vinabaki na vidoti vyeupe. Likifutwa kwa ile ngozi ya njano inayouzwa kwenye kopo la plastiki linang'aa, lakini jua likilipiga kiubavu inaonekana mikwaruzo myembamba ya kuzungukazunguka.

Kwa rangi nyeusi, kipi kinafaa kati ya ngozi, taulo la maikrofaiba, fulana kuukuu, mpira wa kukwangulia maji na blowa (mashine ya kupuliza upepo)? Na je, kwa maji kama haya madoa yanaepukika kweli, au nitafute maji mengine? Umeme upo karibu, kompresa ndogo ya lita 24 ipo. Ninapooshea ni zege, ila barabara ya nje ni ya vumbi.

Fundi Klia

Mkuu, kabla ya kununua kitambaa chochote, punguza kwanza maji yanayobaki juu ya gari. Tone utakalolifuta ni nafasi ya kukwaruza, tone utakaloliacha likauke ni doa. Kwa hiyo yaondoke mengi iwezekanavyo kabla mkono haujagusa rangi.

Ukimaliza suuza ya mwisho, toa kichwa cha kunyunyizia ubaki na mpira mtupu. Fungulia koki kiasi cha maji kutiririka taratibu bila kuruka. Anza katikati ya paa, mdomo wa mpira ukiwa sentimita tano hivi kutoka kwenye bati, usiliguse. Maji yakimwagika namna hiyo hushikana yakawa shuka moja linaloteremka na kuzoa matone yaliyokuwa yamekaa. Sogea polepole hadi ukingoni, kisha kioo cha mbele, boneti, kioo cha nyuma, na milango kutoka juu kwenda chini. Suuza ya presha inafanya kinyume: inatawanya matone madogo madogo maelfu, na hayo ndiyo yanayokauka haraka kuliko yote.

Shuka hilo linafanya kazi vizuri kama rangi ina nta. Kwenye rangi kavu, hasa iliyokuwa ikioshwa kwa sabuni ya unga, maji yanalala bapa na hayatoki hata uyabembeleze vipi. Sabuni ya unga huondoa nta, ndiyo maana gari linalooshewa hivyo kila wiki huwa gumu kukausha. Paka nta walau kila baada ya miezi miwili au mitatu, gari la kulala nje mapema zaidi, na utaona kazi ya kukausha inavyopungua.

Sasa taulo. Kwa gari jeusi chukua maikrofaiba nene yenye nyuzi zilizosokotwa kwa vitanzi, ukubwa wa sentimita 70 kwa 90 hivi, uzito wa gramu 500 au zaidi kwa mita ya mraba. Kwenye lebo huandikwa GSM. Mchanganyiko wa nyuzi uwe polyester 80 kwa polyamide 20, au 70 kwa 30. Polyamide ndiyo inayopenda maji. Kitambaa cha polyester tupu kinasukuma maji badala ya kuyanywa. Ukiwa dukani bila lebo ya kuaminika, omba maji kidogo, mwaga juu ya kaunta, buruta taulo juu yake mara moja bila kukandamiza. Likiacha michirizi ya maji nyuma yake, rudisha. Angalia na ukingo: uzi mgumu wa nailoni unaokwaruza ukiupitisha mdomoni utakwaruza na rangi. Lebo ya pembeni ikate kabla ya matumizi ya kwanza, halafu lifue, kwa sababu taulo jipya hutoa manyoya na mara nyingi lina dawa ya kiwandani inayozuia lisinywe maji.

Kulitumia: usisugue. Litandaze lote juu ya boneti, shika pembe mbili, livute taratibu kuelekea kwako. Uzito wa taulo lenyewe unatosha. Milangoni likunje mara mbili upate robo, ligandamize kwa kiganja, linyanyue, lisogeze. Ukikunja hivyo unapata pande nane. Upande ukianza kuacha ukungu wa maji geuza. Taulo la ukubwa huo na uzito huo linabeba zaidi ya lita moja, lakini likishalowa sana acha kulikamua na kuendelea, chukua jingine kavu.

Mfuatano: paa, vioo, boneti, buti, nusu ya juu ya milango. Hapo simama. Sehemu ya chini ya milango, bampa ya nyuma na maeneo yaliyo nyuma ya tairi yana mchanga hata ukiosha kwa bidii, hivyo yana taulo lake la pili. Rimu zina kitambaa cha tatu, ambacho hakirudi tena kwenye rangi maisha yake yote: unga wa breki una chembe za chuma.

Kingine, puliza dawa ya kulainisha wakati rangi bado imelowa. Nta ya kupulizia, mipulizo miwili kwa kila mlango, minne kwa boneti, kisha ndipo taulo. Utelezi huo ndio unaofanya chembe iliyobaki iteleze badala ya kulima. Kama kuna kitu kimoja tu cha kununua baada ya taulo, nunua hicho. Usiweke shampuu ya ndoo kama mbadala; inakauka na kuacha ukungu.

Fulana kuukuu ziache kabisa. Mishono na nembo zilizochapwa zinakwaruza, na pamba iliyochakaa haina nywele za kumeza chembe. Mpira wa kukwangulia maji utumie kwenye vioo tu. Kwenye rangi, chembe moja ikinaswa chini ya ukingo wake unachora mstari mmoja mrefu kutoka mwanzo wa boneti hadi mwisho.

Bomba na Kisima

Naongezea upande wa maji, maana hapo ndipo swali la pili la mkuu.

Maji ya visima vya Dar yana vitu viwili tofauti vinavyochanganywa na watu. Kuna chumvi ya kawaida, ile unayoionja, na kuna chokaa, yaani kalisi na magnesi, ambayo ndiyo inayoua povu la sabuni. Chumvi ikikauka juu ya rangi inayeyuka tena ukiilowesha. Chokaa haitoki hivyo. Ndani ya maji iko katika hali ya baikaboneti inayoyeyuka. Maji yakipata joto na kuanza kukauka, hewa ya kaboni inatoka na kinachobaki ni kaboneti isiyoyeyuka, ugaga uleule unaojijenga ndani ya birika la chai. Ladha na shida ya povu alizozitaja mkuu zinaonyesha ana vyote viwili.

Kipima TDS, kile kama kalamu, kitakuambia jumla ya vilivyoyeyuka kwa miligramu kwa lita, lakini hakitenganishi chumvi na chokaa. Jaribio la nyumbani linatenganisha: dondosha matone matano ya maji yako juu ya kioo cha kujitazamia, kiache kikauke juani. Futa kwa kitambaa chenye maji ya mvua au yaliyotokana na mvuke uliopozwa. Kinachotoka kilikuwa chumvi. Pete nyeupe inayong'ang'ania ni chokaa, na ukiitia tone la siki itayeyuka.

Hesabu ya madoa ni rahisi. Maji yenye miligramu 1,000 kwa lita, ukiacha nusu lita ikauke juu ya gari, umeacha nusu gramu ya unga juu ya rangi, uliogawanyika kwenye matone yote. Kwa hiyo alichosema Fundi Klia kuhusu kuyatiririsha maji kina maana hata kama maji ni mabaya: ukibakiza robo ya maji, madoa ni robo.

Ugumu wa maji hupimwa kwa kaboneti ya kalisi. Chini ya miligramu 60 kwa lita ni maji laini, kati ya 121 na 180 ni magumu, zaidi ya 180 ni magumu sana. Yako ya Goba peleka maabara ya maji upate namba, ukitaka uhakika.

Dawa ya bei nafuu: osha na suuza kwa maji ya kisima, halafu suuza ya mwisho fanya kwa maji ya mvua. Lita 10 hadi 15 zinatosha kwa gari la ukubwa wa Harrier ukitumia kopo la kumwagilia bustani, ukianzia paani. Maji hayo yanafukuza ya kisima, na kitakachobaki kikikauka hakiachi kitu cha maana. Ya mvua yakinge wakati wa masika au vuli, lakini mvua ikianza acha dakika 10 hadi 15 za kwanza zioshe bati vumbi na kinyesi cha ndege ndipo ukinge. Hifadhi kwenye tangi la plastiki lenye mfuniko, lisilopitisha mwanga ili yasiote ukijani. Yakikaa kwenye kisima cha saruji yananyonya kalisi kutoka kwenye saruji na unarudi ulikotoka.

Mwenye kiyoyozi nyumbani akinge maji yanayodondoka kwenye mpira wa nje. Pwani hewa ina unyevu mwingi, unapata lita kadhaa kwa siku, na hayana madini kwa sababu ni mvuke uliopozwa ukawa maji. Yachuje kwa kitambaa safi, yana vumbi na utelezi wa ndani ya mashine. Ni ya gari, si ya kunywa.

Kuhusu vichujio vya resini (punje zinazonasa madini), vinafanya kazi, ila resini huisha kadiri ya madini inayonasa. Kwa maji ya bomba yasiyo na madini mengi inadumu; kwa maji ya kisima cha chumvi utabadilisha resini mpaka uchoke. Na mashine ya kulainisha maji, ile inayowekwa chumvi ya mawe, haipunguzi jumla ya madini. Inabadilisha kalisi kuwa sodiamu. Madoa bado yatakuwepo, tofauti ni kwamba yatafutika.

Dada wa Chumbageni

Kaka Fundi Klia, mengi nakubaliana nawe, ila ngozi umeipita haraka na mkuu ndiyo aliyonayo mkononi. Sehemu nyingi za biashara za kuosha magari huku Tanga zinatumia ngozi, na si kwa kutojua. Inakamuliwa ikatoa karibu maji yote, ikarudi kazini papo hapo. Kwa magari ishirini kwa siku, taulo nene zingehitaji kamba nzima ya kuanikia.

Kosa liko kwenye matumizi. Kwanza, ziko ngozi mbili. Ya asili ni ya kondoo, iliyolainishwa kwa mafuta ya samaki. Ya njano ya kwenye kopo ni ya plastiki laini ya PVA, na ikikauka inakuwa ngumu kama kadi. Hiyo lazima iloweshwe dakika mbili tatu hadi ilegee kote, pamoja na pembe, kisha ikamuliwe, ndipo iguse gari. Watu huitoa kwenye kopo ikiwa nusu ngumu wakaanza kufuta, na ile pembe ngumu inachora.

Pili, haifai kusukumwa kwa vidole. Itandaze, ivute, ikamue, isuuzwe kwenye ndoo yake ya maji safi kila baada ya sehemu moja. Ndoo hiyo isiwe ile ya kuoshea glavu. Tatu, haina nywele. Taulo linameza chembe ndani ya nyuzi zake; ngozi ni bapa, chembe inabaki kati yake na rangi na kuburutwa. Hiyo ndiyo sababu ya mikwaruzo ya mkuu, na kwenye gari jeupe mikwaruzo ileile ipo, haionekani tu.

Kwa hiyo ushauri wangu kwake: ngozi asiitupe. Vioo vyote aifanyie kazi hiyo, ndani ya milango na buti pia. Rangi aiachie taulo. Akimaliza aisuuze bila sabuni na airudishe kwenye kopo ikiwa na unyevu kidogo. Ikifungiwa na maji mengi kwenye joto la pwani huota ukungu na kunuka. Ile ya kondoo yenyewe aifue kwa sabuni laini ya kipande tu, sabuni kali inakamua mafuta yake, na aianike kivulini.

Nizungumzie na ufuaji wa taulo, maana huko ndiko zinakofia. Dawa ya kulainisha nguo na kuzipa harufu usiiweke hata tone: inapaka nyuzi mafuta na taulo linaacha kunywa maji. Jiki pia hapana. Tumia sabuni ya maji kiasi kidogo, maji ya vuguvugu yasiyozidi nyuzi 40. Usifue pamoja na taulo za pamba au kanga, manyoya yake yananasa kwenye maikrofaiba na hayatoki. Kwa maji yenye chokaa kama ya Goba, suuza ya mwisho weka siki nyeupe nusu kikombe kwenye ndoo ya lita 10, la sivyo taulo litakuwa gumu kwa sababu ileile ya madoa. Lianike kivulini pasipo vumbi. Ukuta wa michongoma si kamba. Pasi usiguse, zile nyuzi ni plastiki, zinayeyuka.

Taulo likidondoka chini, hata kwenye zege safi, limestaafu kwa siku hiyo. Kulikung'uta hakutoi mchanga uliozama.

Fundi Klia

Dada, nakubali kuhusu vioo na mianya ya milango. Kwa biashara ya magari mengi pia naelewa hesabu yake. Kwa mtu mwenye gari moja jeusi msimamo wangu ni huu: PVA isikutane na rangi. Tabaka la klia la kiwandani, lile la juu kabisa lisilo na rangi, mara nyingi ni mikroni (sehemu za elfu za milimita) 40 hadi 50 tu, na kila ukitoa mikwaruzo kwa mashine ya kung'arishia unapunguza mikroni kadhaa ambazo hazirudi. Kuzuia ni rahisi kuliko kung'arisha.

Jambo moja nililosahau ni saa ya kuoshea. Bati jeusi juani linapita nyuzi 60 kwa urahisi, na tone halimalizi dakika mbili juu yake. Osha kabla ya saa 2 asubuhi au baada ya saa 11 jioni, kivulini. Gari likitoka safari, fungua boneti ya injini nusu saa ipoe kwanza. Weka mgongo wa mkono juu ya bati, kama huwezi kuuacha hapo kwa raha usianze. Ikibidi kuosha mchana, osha na kukausha upande mmoja hadi uishe ndipo uende mwingine, na uendelee kulowesha zile ambazo hujazifikia.

Upepo wa Temeke

Kwa kuwa mkuu ana kompresa, niseme inachoweza na isichoweza.

Kompresa ya lita 24 haitakausha gari zima. Bunduki ya upepo inakunywa hewa kuliko mashine inavyozalisha. Baada ya muda mfupi presha inashuka, mota inazunguka bila kupumzika na kuchemka. Itumie kwenye sehemu ambazo taulo haliingii: pembezoni mwa vioo vya pembeni, vitasa, nembo, kibao cha namba, mfuniko wa tanki la mafuta, mzunguko wa taa, raba za milango, grili ya mbele, mashimo ya nati za tairi. Maji yaliyojificha huko ndiyo yanayochuruzika dakika kumi baada ya kumaliza na kuacha mistari myeupe mlangoni.

Kabla ya kuanza, fungua koki ya chini ya tangi umwage maji. Hewa ya Dar ina unyevu mwingi na tangi hujaa maji yenye kutu. Weka kichujio cha maji kwenye mstari wa hewa. Kisha elekeza bunduki kwenye kitambaa cheupe kwa sekunde kumi: ukiona madoa ya kahawia au mafuta, usilengeshe kwenye gari. Kompresa za mafuta zilizochakaa pete za pistoni hutema mvuke wa mafuta, na huo ukitua kwenye rangi unakamata vumbi. Punguza presha hadi baa 2 au 3 kwa rejuleta, kaa sentimita 20 hadi 30 kutoka kwenye rangi, elekeza kimshazari ukiyasukuma maji kuelekea chini na nje. Palipo na rangi iliyobanduka au kiraka cha rangi ya karibuni, usipige upepo wa karibu. Na vaa miwani, maji ya mianyani hutoka na mchanga.

Blowa ya majani ndiyo inayoweza gari zima, kwa kuwa inatoa hewa nyingi kwa presha ndogo. Shika juu, usiielekeze ardhini kamwe. Ikigusa zege lenye vumbi umelipaka gari lililolowa vumbi upya. Kichujio cha kuingizia hewa kiwe safi na kisielekee barabarani. Anza paani, fuatilia ukingo wa maji kwa pembe ya nyuzi 45 hivi. Lakini haitoshi peke yake kwa maji ya kisima: blowa inaondoa matone, inaacha utando mwembamba, na utando ule ukikauka kwa upepo unaacha ukungu wa madini. Piga blowa, halafu malizia na taulo kabla haujakauka.

Umeme na maji: waya wa nyongeza uwe mzima, kiungio kikae juu ya kiti, si chini kwenye zege lililolowa, na soketi iwe na kifaa kinachokata umeme ukivuja. Kikausha nywele cha saluni usikilete hapa kabisa, upepo wake ni mdogo na hakijajengwa kwa mikono iliyolowa.

Wale wanaosema uendeshe gari barabarani likauke kwa upepo: matone yanavutwa kuelekea nyuma yakiacha mikia ya chokaa, na vumbi la barabara linaganda juu yake. Kwa maji ya kisima hiyo ndiyo njia mbaya kuliko zote zilizotajwa humu.

Mvita Kongowea

Ahsanteni kwa elimu. Huku kwetu Mombasa gari likilala nje hukuta umande asubuhi, na watu hulifuta umande huo kwa kitambaa wakaona wameliosha. Je, umande ni maji masafi kama ya kiyoyozi?

Fundi Klia

Ndugu yangu, umande wenyewe hauna madini, lakini umetua juu ya vumbi la mchana kutwa na chumvi ya upepo wa bahari. Ukiufuta unasaga vitu hivyo kwenye rangi, hakuna suuza iliyotangulia. Mwagia lita 5 za maji safi kwanza, kisha fuata taratibu za taulo. Ukikosa maji, washa waipa usafishe kioo uone njia, mengine yaache.

Mkazi wa Goba

Shukrani sana wakuu, na dada pia. Nimeelewa: mpira mtupu, lita 15 za mvua, upepo mianyani, taulo na nta ya kupulizia. Bado mawili. Vidoti vyeupe vilivyopo tayari, hasa paani na kioo cha mbele, vinatokaje? Na gari likilala baada ya kuoshwa, asubuhi breki hunguruma kidogo. Ni maji hayohayo?

Fundi Klia

Vidoti vya paani: osha gari kwanza, rangi iwe ya baridi, uwe kivulini. Changanya siki nyeupe ya dukani, ile ya asilimia 5, na maji ya mvua, nusu kwa nusu. Lowesha kitambaa cha maikrofaiba, kilaze juu ya madoa dakika moja hadi mbili, usikiache kikauke. Kiinue, futa kwa wepesi, mwagia maji mengi, kisha osha tena kwa shampuu sehemu hiyo. Rudia mara ya pili ikibidi. Siki inaondoa na nta, kwa hiyo paka nta upya siku hiyohiyo. Isichuruzike kwenye mapambo ya alumini tupu, na suuza sakafu ya terazo ikidondokea, asidi inaila.

Ndimu usitumie, ina sukari na nyama ya tunda, na huwezi kujua ukali wake. Dawa ya kusafishia choo na asidi ya betri visikaribie gari hata vikichanganywa na maji. Hivyo vinaondoa doa pamoja na uso wa klia, na vinachoma mikono na macho.

Baada ya siki pitisha ukucha au angalia kwa tochi. Doa lililoinuka limebaki chokaa, rudia. Ukiona pete iliyodidimia, tayari limekula klia, siki haitalisaidia. Hapo ni mashine ya kung'arishia na mtu anayepima unene wa rangi kabla ya kuanza. Usijaribu msasa nyumbani.

Kioo cha mbele kinastahimili zaidi. Siki ileile, na yaliyogoma tumia sufi ya chuma laini kabisa, namba 0000, kioo kikiwa kimelowa, upande wa nje tu. Upande wa ndani wenye tinti usiguse.

Bomba na Kisima

Yale ya kioo yakirudi haraka angalia na tangi la maji ya waipa. Watu wanajaza ya kisima humo, kila wakipuliza wanapaka chokaa upya. Lijaze ya mvua.

Upepo wa Temeke

Breki: diski ni chuma cha kutupwa, ikilowa na kukaa usiku inapata kutu nyepesi ya rangi ya chungwa, na maji yenye chumvi huiharakisha. Mngurumo wa mara mbili tatu za kwanza kukanyaga breki asubuhi ni breki pedi kuikwangua kutu hiyo, si ubovu. Ukimaliza kukausha bodi, endesha polepole ndani ya uwanja au barabara tulivu mita 300 hivi, ukikanyaga breki kwa wepesi mara tano sita ili joto liondoe maji. Likilala baada ya kuoshwa, kwenye eneo tambarare weka gia ya P na kigingi kwenye tairi, hendibreki usiifunge: viatu vya ndani ya ngoma vilivyolowa hugandia, na asubuhi gari linagoma kusogea au linatoka kwa kishindo. Mngurumo ukiendelea baada ya kilomita kadhaa, hapo si maji. Pima unene wa pedi.